Pakeji za meli za kitalii kutoka Mtwara: tiketi safi, jedwali la viza lina tundu

Kuna ofisi ndogo ya wakala wa safari katikati ya mji wa Mtwara inayouza pakeji tatu za meli za kitalii. Ya kwanza huanzia Durban, Afrika Kusini, na kugusa pwani ya kusini mwa Msumbiji. Ya pili huanzia Port Louis, Mauritius, ikazunguka Réunion, Madagascar na Ushelisheli kwa usiku 14. Ya tatu huanzia Miami, Marekani, kwenda visiwa vya Karibi. Tumezipitia zote kwa karatasi zake: mkataba, ratiba ya bandari, jedwali la viza na masharti ya kurejeshewa fedha. Hatuzungumzii chakula cha melini wala upana wa kitanda; hayo yapo kwenye picha na kwa sehemu kubwa picha hazidanganyi. Tunazungumzia pasipoti ya Tanzania na kinachoipata pale nchi mbili zinaponuniana.

Tuanze na walichofanya vizuri, maana kipo. Upande wa tiketi kazi yao ni safi. Namba ya nafasi ya melini wanakupa siku hiyo hiyo, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli bila kupitia kwao. Tiketi ya ndege ya Mtwara hadi Dar es Salaam na ile ya kwenda bandari ya kuondokea wanaziweka kwenye nafasi moja pale inapowezekana, kwa hiyo ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalobeba mzigo wa kukutafutia nyingine. Tena wanakufikisha mji wa bandari siku mbili kabla ya meli kung'oa nanga. Wakala wengi hukufikisha asubuhi ya siku yenyewe ili kuokoa gharama ya hoteli. Kwa mtu anayetoka Mtwara hilo ni kosa kubwa, kwani ndege za huku si nyingi kwa siku, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam haiaminiki wakati wa mvua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara eneo la Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Meli haikusubiri wewe.

Sasa jedwali la viza. Ni karatasi moja yenye safu tano: bandari, tarehe, viza, nani anaitoa, siku za kusubiri. Wazo ni zuri kuliko la wakala wengi, ambao hukuandikia mstari mmoja tu, "viza ni jukumu la abiria", wakaishia hapo. Kwenye pakeji ya Mauritius mstari wa Port Louis unasema haihitajiki kwa Mtanzania, sawa. Ushelisheli unasema hakuna viza ila kuna kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni. Sawa pia, nchi ile haimdai Mtanzania viza lakini kibali lazima kiwepo kabla ya kufika. Madagascar unasema viza hutolewa ukifika; sawa. Ukifika mstari wa nne, Réunion, bandari ya Pointe des Galets, wameandika hivi: "Haihitajiki kama abiria hashuki."

Hapo ndipo penye tundu, na ndilo linalotufanya tuandike kwa urefu huu.

Réunion ni sehemu ya Ufaransa ingawa iko karibu na Madagascar kuliko Paris. Lakini haimo ndani ya eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mtanzania anayeingia pale anahitaji viza ya Ufaransa inayotaja kisiwa hicho kwa jina. Mwenye viza ya kawaida ya Schengen, ile ya kwenda Roma au Amsterdam, hawezi kuitumia Réunion kama haijaandikwa hivyo. Hili huwachanganya hata watu waliozoea kusafiri, kwa sababu ombi hupitia ubalozi uleule na fomu hufanana. Kwenye fomu kuna sehemu ya kutaja unakokwenda. Ukiandika "Ufaransa" peke yake utapewa viza ya bara, na utaigundua kasoro mezani pa bandari.

Na hiyo hadithi ya "hashuki"? Si abiria anayeamua. Kampuni ya meli hutuma orodha ya abiria pamoja na namba za pasipoti kwa mamlaka za kila bandari kabla ya kutia nanga. Baadhi ya nchi humpa abiria wa kupita ruhusa ya kubaki melini, nyingine hazimpi. Kampuni nyingi, ili zisijitie kwenye mashaka, zimeweka sharti moja kwa wote: uwe na viza ya kila bandari iliyo kwenye ratiba, utashuka au hutashuka. Sababu yao ina mantiki. Meli ikileta mtu asiye na hati, faini na gharama ya kumrudisha kwao huangukia kampuni. Isitoshe meli inaweza kuharibika, au wewe ukaugua, ukalazimika kushushwa pale pale. Kwa hiyo ukaguzi haufanyiki Réunion. Unafanyika Port Louis, siku ya kupanda. Mfanyakazi mezani anafungua pasipoti, anaangalia ratiba, anafunua kurasa za viza moja moja, halafu anasema pole. Begi lako linabaki nchi kavu nawe ukabaki nalo, na kwa mkataba wa kampuni nyingi nauli hairudi, kwa sababu kosa la hati limehesabiwa kuwa la abiria.

Tuliwaonyesha mstari ule. Wakasema wataurekebisha, na kwa haki yao walikubali bila ubishi. Mpaka utakapouona umebadilika kwenye karatasi yako, usilipe zaidi ya malipo ya awali.

Kwa wenye ndugu Komoro, na Mtwara wapo wengi, kuna jambo la ziada. Baadhi ya ratiba za Bahari ya Hindi hugusa Mayotte. Komoro wanakidai kisiwa hicho tangu uhuru wao wa 1975, Ufaransa nayo ilikifanya mkoa wake kamili 2011. Ule mvutano si habari za redioni tu, kwani umezaa viza yake ya Mayotte na ukaguzi mkali kuliko wa Réunion. Ukiona Mayotte kwenye ratiba, uliza viza yake peke yake. Usidhani ya Réunion inaifunika.

Pakeji ya Miami tunasema wazi: ofisi iiondoe ukutani. Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuongeza nchi kwenye orodha ya vizuizi vya kuingia, na Tanzania imo kwenye kundi la vizuizi vya sehemu, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Viza zilizoguswa ni pamoja na B-1 na B-2, yaani za biashara na matembezi, na B-2 ndiyo hasa abiria wa meli ya kitalii anayoihitaji. Hata kabla ya hapo, Oktoba 2025, Watanzania waliwekwa kwenye mpango wa dhamana ya viza: ofisa wa ubalozi anaweza kumtaka mwombaji aweke dola 5,000, 10,000 au 15,000, zinazorudi akishatimiza masharti. Waliokuwa na viza halali siku vizuizi vilipoanza hawakufutiwa. Hao peke yao ndio wateja wa pakeji hii. Wengine watalipa dola 185 za maombi, ambazo hazirudi kwa hali yoyote, wakanunue jibu ambalo tayari linajulikana. Kuendelea kuibandika pakeji hiyo dirishani na neno "viza tunasaidia" chini yake ni kumwonea mtu aliyeuza korosho zake kwa jasho.

Kuna wateja huuliza kama wanaweza kukwepa kwa kupanda meli kisiwa kingine cha Karibi badala ya Miami. Inawezekana, lakini angalia ratiba yote. Meli nyingi za Karibi hupita San Juan, Puerto Rico, au St. Thomas, na hizo zote ni ardhi ya Marekani. Kanuni ni ileile: bandari moja yenye masharti magumu ndiyo inayoamua safari nzima.

Pakeji ya Durban ndiyo tunayoipa alama ya juu, na kwa mtu anayeanza hatuna shaka nayo. Mtanzania hahitaji viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka, na kati yetu na Msumbiji viza haipo. Kampuni ya MSC imekuwa ikiweka meli Durban katika miezi ya joto, ikipeleka abiria Pomene na kisiwa kinachoitwa Portuguese Island. Jedwali la ofisi kwa pakeji hii liko sahihi mwanzo hadi mwisho. Wanachosahau kuandika ni kwamba unatoka Afrika Kusini na kurudi tena ndani ya safari hiyo hiyo, kwa hiyo siku zako zihesabu vizuri kama umeshakaa Johannesburg kwa biashara mwaka huo.

Sasa mkataba, mahali ambapo watu hutia saini bila kusoma.

Uhusiano wa nchi ukichafuka, mambo matatu hutokea, na mkataba wa ofisi hii unashughulikia moja tu. Kwanza, meli hubadili njia. Juni 2019 Marekani ilipopiga marufuku meli za kitalii kwenda Cuba, agizo lilianza kufanya kazi siku iliyofuata baada ya kutangazwa, na meli zilizokuwa na abiria zikaelekezwa kwingine. Machi 2017 China ilipogombana na Korea Kusini kuhusu mitambo ya kuzuia makombora, meli zilizotoka bandari za China ziliacha kutia nanga Korea. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, St. Petersburg ilitoka kwenye ratiba za Bahari ya Baltiki. Huku kwetu, Oktoba 2025 jeshi lilipochukua madaraka Madagascar na Umoja wa Afrika ukaisimamisha nchi hiyo, yeyote mwenye tiketi ya kupita kule alikuwa na haki ya kuuliza itakuwaje. Mkataba wa ofisi umeandika hili vizuri: nahodha ana mamlaka ya kuruka bandari, na abiria hurudishiwa ushuru wa bandari hiyo tu. Si fedha nyingi. Ila limeandikwa, na umelijua mapema.

Pili, bandari mpya huingia mahali pa ile iliyorukwa. Hili mkataba haulitaji kabisa, na ndilo la hatari kwa pasipoti yetu. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya kampuni nyingi ziukwepe mfereji wa Suez, meli zilizungushwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema na kupata bandari ambazo hazikuwa kwenye tiketi. Mwenye pasipoti inayokubalika kila mahali hajali. Wewe uliyeombea viza bandari nne, ya tano ikichomekwa wiki tatu kabla ya safari, utafanya nini? Dai kifungu hiki kiandikwe kwa kalamu na kigongwe mhuri: ratiba ikibadilika na bandari mpya ikahitaji viza isiyoweza kupatikana kwa muda uliobaki, abiria ana haki ya kuhamisha safari bila faini. Ofisi ilisema inaweza kukiandika upande wa ada yake, lakini upande wa kampuni ya meli lazima iombe kibali. Basi iombe, na ikupe jibu kwa maandishi.

Tatu, ubalozi hupunguza watu. Miadi ya mahojiano husogezwa mbele, au maombi huhamishiwa nchi jirani. Jedwali la ofisi linaandika "siku 15" kwa viza ya Ufaransa. Hizo ndizo siku za kawaida za maombi ya Schengen tangu faili lipokelewe, wala si tangu ulipoanza kutafuta miadi. Hapo katikati wiki nne zinaweza kuyeyuka. Maombi ya Schengen hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Tumia nafasi hiyo. Ada ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Kwa anayekwenda meli za Mediterania, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikitoka Ugiriki ikalala Uturuki kisha ikarudi Italia, viza ya kuingia mara moja imekufa ulipopigwa mhuri wa kutoka. Kosa hili ni dogo, ni kisanduku kimoja tu cha kuweka alama kwenye fomu, na huharibu safari nzima.

Bima wanayouza ofisini haifuniki kunyimwa viza. Ukurasa wa tatu, maandishi madogo, umesema hivyo. Vilevile haifuniki tukio lililokwisha kujulikana siku unaponunua: ukinunua bima leo kwa sababu umesikia balozi ameitwa nyumbani, umechelewa. Bima hununuliwa wiki ile ile ya malipo ya awali. Kwa matibabu na kupoteza mzigo inatosha.

Kuhusu fedha. Bei zimeandikwa kwa dola kwenye bango la ukutani, na shilingi kwenye risiti. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinazuia kutangaza bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ada ya ofisi yenyewe waiandike kwa shilingi. Kwa nauli ya meli, uliza wametumia kiwango gani cha kubadilishia na cha siku ipi, na kama salio nalo litakokotolewa kwa kiwango hicho au cha siku ya kulipa. Salio kwa kawaida hudaiwa miezi 3 hivi kabla ya safari. Usipoipata viza kabla ya tarehe hiyo, ni afadhali upoteze malipo ya awali kuliko ulipe yote ukiomba Mungu. Melini kwa kawaida hawapokei noti. Unahitaji kadi ya benki inayokubalika nje, na meli hushikilia kiasi fulani kwenye akaunti tangu siku ya kwanza. Nenda benki uifungulie matumizi ya nje kabla hujaondoka Mtwara.

Pasipoti wanakusaidia kujaza fomu ya mtandaoni, na hapo wanastahili sifa. Shilingi 20,000 za fomu kwa kontro namba, kisha 130,000 unapowasilisha, jumla 150,000. Wakala asikwambie zaidi ya hapo kama ni ada ya serikali. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ipo hapa hapa, huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Kinachokwamisha wengi wa huku ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Hamis, na jina la babu lipo kwenye kimoja tu. Rekebisha kwanza NIDA, halafu omba pasipoti, halafu ndipo utoe jina la tiketi. Ukifika kwenye tiketi, mwambie anayechapa anakili mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha, ile yenye alama nyingi za <<<. Mashine ya bandarini husoma pale, na jina la tiketi likipishana na pale kwa herufi moja, unaanza maelezo marefu. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa tupu zisizopungua mbili. Kadi ya njano ya homa ya manjano isisahaulike: huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa na ni ya maisha, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari hakukusaidii.

Jambo moja la nje ya pakeji. Kwenye meza ya mapokezi tuliona vipeperushi vya "ajira za melini" kwa vijana, na ada ya viza imo kwenye orodha ya malipo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 umesema wazi kwamba baharia asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Kijana wa Mikindani au Chikongola akiombwa fedha ya viza ili aajiriwe, aondoke pale.

Muda wa kununua. Fedha za korosho huingia kati ya Oktoba na Desemba, na ofisi huanza kupiga simu wakati huo huo na ofa za safari za Desemba. Usikubali ya Mauritius kwa Desemba. Ukihesabu miadi ya ubalozi, siku 15 za faili, na tarehe ya salio ambayo tayari imepita, hesabu haifungi. Isitoshe Desemba mpaka Machi ni katikati ya msimu wa vimbunga upande ule; Chido ilipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, ikaendelea hadi Cabo Delgado, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Mwenye fedha Novemba na haraka ya kusafiri achukue Durban. Anayeitaka Mauritius alipe malipo ya awali Novemba kwa safari ya Novemba inayofuata, aombe viza ya Réunion Mei, na aende ofisini na jedwali lake mkononi kuuangalia ule mstari wa nne.